Lenzi Iliyomzika Mzee Bitegeko

Hadithi hii imenifikia kupitia kundi la ukoo wetu. Kabla sijaituma kwenu nimeisoma mpaka mwisho, jambo ambalo baadhi yenu hamna desturi nalo. Nimeondoa vijipicha vya maua na mishumaa alivyoipamba navyo aliyenitumia, nimebakiza maneno. Isomeni taratibu, na mkimaliza mpelekeeni mtu mmoja anayestahili, si kila aliyemo kwenye simu.

Palikuwa na mzee mmoja kule Kagera, jina lake Bitegeko. Mkewe alikuwa amefariki zamani, naye alibaki na binti yake wa pekee, Kemilembe, katika nyumba iliyozungukwa na migomba. Chini ya migomba hiyo mzee alipanda vanila, na vanila ndiyo iliyokuwa roho yake. Mvua ikichelewa hakulala, na mvua ikizidi hakula.

Kemilembe alikuwa binti wa kuolewa, tena alikuwa wa kuolewa kwa muda mrefu. Wachumba hawakukosekana. Tatizo lilikuwa baba. Kila aliyekuja alipewa mtihani, na kila mtihani ulikuwa na mtego wake. Mkaguzi mmoja wa shule aliambiwa amenye ndizi za mchana. Akazimenya kwa unene, nusu ya chakula ikaenda kwa mbuzi, na yeye akaenda zake. Dereva wa lori la samaki aliambiwa asiseme neno mpaka aulizwe, na mzee hakumuuliza kitu chochote mpaka jua likatua. Kijiji kizima kilizoea kuona wanaume wenye mashati mapya wakishuka ule mteremko vichwa chini.

Ndipo akaja Evodius.

Evodius alikuwa na studio ndogo pale mjini. Alipiga picha za pasipoti, picha za komunyo ya kwanza, na picha za watu waliotaka kuonekana wamesimama mbele ya ghorofa ambalo hawajawahi kuliingia. Alimpenda Kemilembe tangu siku alipokuja kupiga picha ya kitambulisho akakataa kutabasamu kwa sababu, alisema, hakuna kilichochekesha. Kemilembe naye alimwona kijana ni mwema, ingawa ana maneno mengi. Wakakubaliana aende kwa baba.

Mzee Bitegeko alimkaribisha, akamtazama viatu, akamuuliza anafanya kazi gani. Evodius akasema anapiga picha. Kusema kweli, mzee alikuwa hajawahi kuipenda picha yake hata moja. Kwenye kitambulisho alionekana kama mtu anayetafutwa, na kwenye picha ya harusi yake mwenyewe alikuwa amefumba macho.

"Basi niletee picha yangu," mzee akasema. "Moja tu, ya kutundika sebuleni. Nikiipenda, mtume mshenga wako aje. Nisipoipenda, hata barabara hii usiipite tena."

Evodius alitoka pale akitembea juu juu. Mtihani wa picha, kwa mpiga picha! Aliona kama kashinda tayari. Lakini alipofika studio na kuifungua kamera yake, furaha ikapungua. Lenzi yake pekee ilikuwa imeota ukungu ndani kwa unyevu wa miaka, na kila aliyepigwa nayo alitoka na doa kwenye paji la uso. Watu wa pasipoti hawakulalamika sana. Mzee Bitegeko angelalamika.

Akapanda basi kwenda Mwanza kwa binamu yake Adeodatus, mpiga picha anayejulikana. Adeodatus alikuwa na lenzi mbili nzuri, na moyo wa kuazima moja. Akaziweka mezani, akamweleza kila moja na tabia yake.

Ya kwanza ilikuwa nene, ina kioo kikubwa mbele. Hiyo ni ya sura za watu. Ina tundu pana linalomeza mwanga, na ukilifungua lote, uso wa mtu unatoka safi huku kila kilicho nyuma yake kinayeyuka kuwa ukungu laini. Ya pili ilikuwa nyembamba na ndefu kidogo, ile ambayo mafundi wanaiita makro. Hiyo ni ya vitu vidogo. Inakusogeza karibu mpaka unaona vinyweleo vya mguu wa siafu.

Adeodatus akamwambia achague, na achague mapema, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa na harusi Jumamosi na angetumia itakayobaki.

Jamani, mnajua mtu akipewa vitu viwili anavyokuwa. Evodius alishika hii, akaiweka, akashika ile, akaiweka. Alimpiga picha paka wa binamu yake kwa lenzi zote mbili mpaka paka akahama nyumba. Alimuuliza kinyozi wa jirani, ambaye alimwambia achukue nzito, maana kitu kizuri huwa kizito. Alimuuliza mke wa binamu yake, akaambiwa asogeze vyuma vyake, watu wanataka kula.

Mwishowe akampigia simu Kemilembe. Kemilembe hakuchukua muda. Alimwambia achukue ile ya vitu vidogo. Baba yake, alisema, hana habari na uso wake, hata kioo ndani ya nyumba kiko kimoja na kimepasuka. Ila ua la vanila likifunguka asubuhi anaweza kulitazama mpaka uji upoe.

Evodius akacheka kwa upole, ule upole wa mtu anayejua zaidi. Akamuuliza nani ametundika ua sebuleni kwake akasema huyu ndiye mimi. Akamwambia asiwe na wasiwasi, mambo ya picha amwachie yeye. Kemilembe akasema sawa. Wanaume wenzangu mnaosoma hapa, ile "sawa" mnaijua. Evodius hakuijua. Akachukua lenzi ya sura.

Siku ya kupiga picha alimweka mzee kwenye benchi nje ya nyumba, amevaa koti lake la kanisani. Kulikuwa na jani moja kubwa la mgomba lililokuwa likishuka na kumtia mzee kivuli usoni, kwa hiyo Evodius alimwomba Kemilembe asimame nyuma alishike lisishuke. Kisha akalifungua tundu la lenzi lote mpaka mwisho, maana kuazima kitu halafu ukitumie nusu aliona ni ujinga. Alipiga, akahama, akapiga, akapiga magoti, akapiga, mpaka mzee akauliza kama wanapiga picha au wanapima kiwanja.

Usiku ule Evodius alipoiangalia ile picha bora kuliko zote, machozi yalimlengalenga. Sijui niwaelezeje. Kila unywele mweupe wa ndevu za mzee ulionekana. Macho yalikuwa na mwanga, mdomo ulikuwa karibu kutabasamu. Na nyuma yake, nyumba, migomba, kuku na vyote vilikuwa vimeyeyuka kwa wingi wa mwanga, kumebaki weupe mwororo wa kung'aa, kama mawingu yanapoguswa na jua la asubuhi. Mzee alikuwa amekaa katikati ya weupe ule, peke yake, ametulia.

Kama wewe msomaji umeshaanza kuona tatizo, umemzidi akili Evodius.

Aliipeleka kwa mtu wa kuchapisha pale mjini, akataka iwe kubwa sana na fremu nyeusi yenye uzi wa dhahabu. Mchapishaji aliitazama picha, akavua kofia, akamwambia pole sana. Evodius alidhani anapewa pole ya kuhangaika na mtihani wa ukweni, akajibu ameshapoa. Mchapishaji akauliza kwa sauti ya chini kama aandike na miaka pale chini. Evodius akasema hapana, miaka bado. Mchapishaji akaitikia kwa kichwa kwa heshima, akidhani familia bado inatafuta cheti cha kuzaliwa.

Asubuhi ya kupeleka picha, Evodius alivaa suti. Suti yake ilikuwa moja, nayo ilikuwa nyeusi. Akakaa kiupande nyuma ya bodaboda, ameikumbatia ile fremu kifuani, uso wa mzee umeelekea nje ili vifungo vya suti visije vikakwaruza kioo. Akamsihi dereva aende polepole kabisa kwa sababu ya kioo. Dereva, kijana mwangalifu, akawasha na taa.

Nyuma yao ikaja pikapu iliyobeba turubai na viti vya plastiki, inaelekea kwenye ubatizo kijiji cha mbele. Barabara ni nyembamba, kupita haiwezekani. Ikabidi pikapu iwafuate nayo polepole. Nyuma ya pikapu likaja gari la mbao. Nyuma ya gari la mbao wakaja watu wa baiskeli, ambao wangeweza kupita lakini wakaona si heshima.

Sasa jiweke wewe kwenye kibanda cha kuuza maandazi pale njia panda. Unaona kijana wa suti nyeusi amekumbatia picha kubwa ya Mzee Bitegeko, mzee yuko peke yake kwenye weupe, ametulia. Nyuma yake turubai na viti. Nyuma ya viti msururu. Wewe ungefikiri nini?

Ma Leokadia, mwenye kibanda, alifikiri hivyo hivyo. Akafunika maandazi, akajifunga kanga ya pili kiunoni, akaachia sauti iliyosikika mpaka ng'ambo ya bonde. Maduka yakafungwa. Watu wakashika njia.

Evodius alipofika nyumbani kwa mzee alikuta watu wamemtangulia kwa njia za mkato. Kabla hajashuka vizuri, wanaume wakampokea ile picha kwa mikono miwili, wakaitanguliza, wakaiweka juu ya meza iliyotandikwa kitambaa cheupe. Wengine wakaisimamisha pikapu, wakaanza kushusha viti huku dereva akieleza kwamba hapa sipo. Wakamwambia tulia, ndugu, sote tumechanganyikiwa.

"Hajafa," Evodius akasema.

"Kweli kabisa," katekista wa kijiji akamjibu, akimpiga begani. "Kwetu sisi hajafa."

"Mzee ni mzima. Mimi nimeleta picha tu."

"Umefanya vyema, mwanangu. Ni picha nzuri. Atabaki hivyo hivyo mioyoni mwetu."

Kemilembe alikuwa jikoni nyuma ya nyumba. Alitoka na mwiko mkononi, na kabla hajauliza kitu akina mama walimwangukia, wakamkumbatia kwa nguvu mpaka mwiko ukamtoka. Alipopata pumzi aliwaambia baba yake yuko shambani, anafunga mashina ya vanila, na sasa hivi tu ametoka kunywa uji. Hapo ndipo kilio kikapanda. Masikini, walisema, bado anamwona. Wakamkalisha kwenye mkeka kwa nguvu, mmoja akamshika miguu, mwingine akampepea, na kila aliposema baba ni mzima walimwambia lia, mama, lia utoe.

Na mzee mwenyewe? Mzee alikuwa chini kule bondeni na kamba zake. Alisikia kelele, akadhani nyumba inaungua. Akapanda mteremko haraka kadiri magoti yalivyoruhusu, amevaa kofia ya majani na shati lililojaa tope. Alipofika aliukuta umati umempa mgongo, wote wanatazama mezani. Kulikuwa na watu mbele, hakuona mezani kuna nini. Akasimama nyuma ya jirani yake wa miaka mingi, Rwehumbiza, akamgusa kidogo.

"Amefariki nani?"

"Bitegeko," Rwehumbiza akajibu bila kugeuka. Alikuwa akifuta macho.

Mzee akaona giza kidogo, kisha akaona mwanga. Mtu mwingine angepiga kelele pale pale. Lakini hebu fikiri, ni wangapi wanapata nafasi hiyo? Akashusha kofia usoni.

"Aliugua nini?"

"Hakuna ajuaye. Labda ukali. Ukali nao unachosha mwili."

Mzee akameza hilo. Akauliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani.

"Alikuwa mtu mzuri," Rwehumbiza akasema, na hapo mzee akajinyoosha. "Mkaidi, mbishi, hukopi jembe lake ukalirudisha bila mhadhara. Lakini mzuri. Mimi kinachoniuma ni yule binti."

"Binti kafanyaje?"

"Hujui wewe? Mama yake alipofariki alikuwa mdogo, akaacha shule akashika nyumba. Mzee macho yalipopungua, ni yeye anayeyachavusha kwa mkono yale maua ya vanila moja moja kila asubuhi. Mzee anasimama pembeni anasema vanila yangu, vanila yangu. Wachumba wanafukuzwa kama kuku. Hata siku moja sijasikia akimuuliza, wewe Kemilembe, unataka nini?" Rwehumbiza akapenga kamasi. "Mungu anisamehe, ila angalau sasa ataolewa."

Mzee aliona uchungu ambao hakuwa ameutarajia kwenye msiba wake. Akasema, kwa sauti ndogo, kwamba binti hajawahi kulalamika.

"Angemlalamikia nani?" Rwehumbiza akasema. "Bitegeko?" Na hapo ndipo akageuka.

Alimtazama mzee. Akaitazama picha kule mezani, kupitia upenyo wa mabega. Akamrudia mzee.

"Bitegeko, upo hapa?"

"Nipo."

Rwehumbiza akatafuta neno, na neno pekee alilokuwa amejiandaa nalo tangu nyumbani ndilo lililomtoka. "Basi, pole na msiba," akasema.

Yaliyofuata mnaweza kuyakisia. Waliokuwa karibu walikimbia, waliokuwa mbali walikuja kuona waliokuwa karibu wanakimbia nini. Katekista alikatiza sala katikati na hakujua kama inafaa kuimalizia. Ma Leokadia alimkasirikia mzee waziwazi kwa kuwa hai wakati yeye ameacha maandazi yake njia panda. Kulikuwa na ndizi zimeshabandikwa jikoni kwa jirani, na kikao kifupi kikakaa kuamua kama ziepuliwe. Ikaonekana chakula hakina kosa. Hata dereva wa pikapu aliletewa sahani, akaacha kuuliza habari za viti.

Umati ulipotulia, mzee alikwenda mezani akasimama mbele ya picha yake. Evodius alikuwa ameegemea mgomba, koti limemlowa jasho, anajua barabara hii hataipita tena. Alimpenda yule binti kwa dhati, na aliona kwa macho yake jinsi alivyompoteza mbele ya kijiji kizima.

"Ni mimi," mzee akasema mwishowe. "Huyu ni mimi kabisa. Sijawahi kutoka hivi."

Evodius akainua kichwa.

"Ila hiki hapa nyuma ya sikio langu," mzee akaendelea, akigusa kioo, "hiki cha manjano. Ni nini?"

Evodius, kwa kuona kapata pumzi, akasogea na maneno yakarudi. Akaeleza habari za lenzi ya sura na tundu lake pana. Akaeleza kwamba mpiga picha stadi huondoa kila kinachosumbua jicho, ili anayetazamwa abaki peke yake. Hicho cha manjano, alisema, ni kitu tu cha nyuma ambacho lenzi imekiyeyusha, na kwa kweli kimesaidia kuleta joto kwenye picha.

"Ni mimi," Kemilembe akasema.

Alikuwa amesimama pembeni, kanga ya akina mama bado iko mabegani. Hakupaza sauti. Alisema ni gauni lake la manjano, alilivaa siku ile kwa sababu ni lake zuri. Alisema alisimama hapo asubuhi nzima, ameshika jani la mgomba kwa mikono miwili lisije likamtia baba kivuli, kama alivyoombwa.

Mzee akamgeukia Evodius.

"Kijana, unataka kumwoa nani?"

"Kemilembe, Mzee."

"Hebu mwonyeshe hapo."

Evodius akatazama picha. Akainua kidole, hakikuwa na pa kwenda ila kwenye ule ukungu wa manjano. Akauonyesha. Watu wakaangua kicheko, wakacheka mpaka wengine wakakaa chini, na Evodius aliona aibu ambayo hajawahi kuiona maishani, si kwa sababu ya kucheka kwao. Alikuwa ameikagua picha ile unywele kwa unywele, na hakuwahi kujiuliza yale manjano ni nini.

Lakini mzee hakucheka. Aliinua mkono wakanyamaza.

"Msimcheke," akasema. "Yeye amemfanya ukungu kwa siku moja. Mimi nimemfanya hivyo tangu mama yake afariki, na sikuwa na lenzi yoyote."

Rwehumbiza alitazama viatu vyake.

Evodius, ambaye akili yake ikibanwa hukimbilia vifaa, akasema atakwenda Mwanza sasa hivi. Atarudisha lenzi hii na kuleta ile nyingine, ile aliyoambiwa na Kemilembe tangu mwanzo akaipuuza. Akatoa simu, akampigia Adeodatus, akaiweka sauti kubwa, akaeleza yote mbele ya watu. Upande wa pili Adeodatus alicheka mpaka simu ikakwaruza.

"Hiyo nyingine ingekuwa balaa zaidi," Adeodatus akasema. "Ukiwa karibu hivyo, ungepata ukucha wa mzee, na kidole chenyewe kingekuwa ukungu. Binti usingemwona hata manjano yake. Kosa si la lenzi, binamu. Kuna pete pale ya kupunguza tundu, ungeigeuza wote wangeonekana. Na kama hutaki kugeuza kitu, mwambie aliye nyuma asogee mbele. Basi."

Simu ikakatika. Watu wakatazamana. Kemilembe naye alikohoa kidogo, maana ushauri wake nao ulikuwa umezama.

Mzee Bitegeko alitembea mpaka kwenye benchi lake pale nje ya nyumba, akakaa katikati, mahali alipozoea kukaa. Kisha akajiinua kidogo, akasogea pembeni, akapapasa ubao uliobaki wazi.

"Njoo ukae, mama," akamwambia binti yake. "Hapa."

Kemilembe alisita. Katika maisha yake yote alikuwa amelifuta benchi lile, amelileta ndani mvua ikinyesha, amelitoa nje jua likiwaka. Hakukumbuka kulikalia na baba yake. Akaja akakaa, na mikono yake ina unga wa jikoni.

Evodius akainua kamera yake, ambayo hata siku ya suti ilikuwa ikimning'inia mgongoni. Hakuhama, hakupiga magoti. Alipiga mara moja. Wote wawili walitoka, kila mmoja na macho yake, na nyuma yao watu wa msiba wenye sahani walikuwa ukungu wa rangi nyingi, jambo ambalo Ma Leokadia alilitolea malalamiko baadaye.

Mzee akaagiza ile picha kubwa ya fremu nyeusi iwekwe kabatini, imefungwa vizuri kwenye shuka. Alisema ni picha bora sana na kazi yake ipo, ila isiharakishwe.

Evodius akasogea, akauliza kwa adabu kama sasa anaweza kumtuma mshenga.

"Kwangu asije," mzee akasema. "Si mimi ninayeolewa. Muulize huyu."

Umati mzima ukageukia upande mmoja. Evodius akapiga goti, akamuuliza. Kemilembe akamtazama kwa muda, akijua kabisa kwamba kijiji kizima kimeshika tonge hewani.

"Njoo Jumapili," akasema. "Njoo bila kamera."

Jumapili alikwenda. Kwa mara ya kwanza tangu ajijue hakuwa na kitu cha kuning'iniza shingoni, na mikono yake haikujua ikae wapi. Kemilembe alivuta kigoda akakaa mbele yake, karibu kabisa, akamwambia aache kuongea kidogo. Evodius akaacha. Wakatazamana mpaka uji ukapoa, na mzee, ambaye siku hiyo alikuwa ameambiwa akae jikoni, hakuthubutu kuita.

Mshenga alifika kabla mwezi haujaisha, na aliyempokea mlangoni alikuwa Kemilembe mwenyewe.

Funzo: Ukiona mtu unayempenda amekuwa ukungu, usikimbilie kubadilisha lenzi, mwambie asogee mbele, na wewe umpishe nafasi akae.